Mkwe wa Ndani ya Kompyuta

Kabla hujamcheka Bi Pindo, na najua utamcheka, jiulize kwanza: wewe ungemwendea mtu hujui hata kaamkaje, ukamwambia tu "nataka tiketi"? Kama ungefanya hivyo basi huna adabu, na Bi Pindo anayo. Siku ya kwanza Ticha alipoweka kompyuta mezani na kumwambia azungumze nayo kwa Kiingereza, yeye awe abiria na kompyuta iwe mkata tiketi wa stesheni, Bi Pindo alikaa sawa, akavuta mtandio wake, akaanza na Kiingereza cha kuokoteza: habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, wazazi je? Kompyuta ikajibu kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba wote wazima, asante, na yeye je? Bi Pindo akajibu. Akaulizia na kazi inaendeleaje. Akawa bado anaulizia pale mkata tiketi alipoomba radhi na kusema treni imeshaondoka, maana Ticha alikuwa ameiambia kompyuta kwamba treni haina muda, na kompyuta haifanyi mzaha na ratiba.

Darasa zima lilikufa kwa kicheko.

"Mama," Ticha alisema akijifuta machozi, "treni imekuacha."

"Na iende zake," Bi Pindo akajibu. "Kukimbilia treni ndiyo nisimjulie mtu hali?"

Basi ndivyo darasa lile lilivyokuwa. Chumba cha juu, chini yake duka la rangi, kwa hiyo mlisoma Kiingereza huku mnanusa rangi ya mafuta. Meza mbili ndefu, viti vya plastiki, dirisha moja lililogoma kufunguka. Watu wazima wote, waliotoka kazini mchana na mikono yao bado ina alama za kazi. Ticha mwenyewe alikuwa binti mdogo tu kwa umri, sauti ya chini, lakini alikuwa na akili ya kujua kwamba mtu mzima haoni haya mbele ya kitabu, huona haya mbele ya watu. Ndiyo maana akaleta ile programu ya akili bandia. Aliiandikia mwanzoni: leo wewe ni fulani, sema polepole, usitoke kwenye nafasi yako. Nayo ikishapewa nafasi haiachii. Leo mkata tiketi, keshokutwa daktari, wiki ijayo mwenye nyumba anayedai amesumbuliwa na kelele. Kwa kuwa kila siku ilikuja mtu mwingine, Kinyozi, aliyekaa kiti cha nyuma ya Bi Pindo na ambaye hakujaliwa kunyamaza, akaibandika jina: Mgeni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na jina likashika.

Bi Pindo naye jina lake lilitoka kwenye cherehani. Hapakuwa na suruali mtaani kwake ambayo pindo lake halikupita mkononi mwake. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele ya nyumba, kioo kirefu ukutani, futi shingoni, chaki nyuma ya sikio, na mdomo. Mdomo ule ndio uliojaza wateja. Mteja akiingia, kabla futi haijamzunguka kiuno, Bi Pindo humtazama juu mpaka chini, akapiga makofi: "Wee! Umenenepa! Umenawiri! Huko uliko unatunzwa!" Na mteja hutabasamu mpaka jino la mwisho, maana nani hapendi kuambiwa anatunzwa? Aliyekonda ndiye alipokewa kwa sauti ya chini, akavutiwa kiti, akaulizwa kulikoni.

Kiingereza alikitakia nini? Alikitakia mkwe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali, kwenye ghala kubwa la mizigo, akaoa huko huko. Mke wake alikuwa binti mzuri, mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana kidogo, na Kiswahili hakijui. Kwa muda mrefu mazungumzo yao yalipita kwa mwana. Bi Pindo anasema maneno kumi, mwana anatafsiri mawili. Mkwe anacheka, anasema mengi, mwana anageuka: "Anakusalimia, mama." Anakusalimia! Mtu kaongea mpaka kapumzika, halafu unaambiwa anakusalimia? Mkalimani wa nyumbani huondoa chumvi yote. Bi Pindo akaona isiwe taabu, atakwenda kujifunza mwenyewe.

Na akajifunza. Baada ya miezi michache akawa na uwezo wa kusema anaumwa wapi, anataka nini, na mtu fulani anafananaje: mrefu, mfupi, mwembamba, mnene. Akasubiri Jumapili kama mtoto anavyosubiri nguo mpya.

Jumapili ile mwana alikuwa kazini, mkwe akapokea simu ya video peke yake. Mungu alikuwa kampangia! Uso wa mkwe ukajaa kwenye kioo cha simu, na jicho la fundi halidanganyi: mashavu yamejaa, mabega yamejaa, ngozi inang'aa. Moyo wa Bi Pindo ukafurika. Mwanawe anamtunza binti wa watu. Hakumlea bure. Akakusanya Kiingereza chake chote, akatabasamu, akapaza sauti:

"Umenenepa! Umenenepa sana! Mimi nafurahi!"

Tabasamu la mkwe likaganda. Mkono wake ukashuka haraka, ukatoka kwenye picha. Akasema kitu cha mbio mbio ambacho Bi Pindo hakukipata, na simu ikazimika.

"Mtandao," alisema Bi Pindo, wala hakuhangaika. Jioni ile aliwasimulia majirani wote kwamba ameongea na mkwe wake, Kiingereza kitupu, hapakuwa na mkalimani wala nini.

Jumapili iliyofuata alitokea mwana peke yake. Mkwe yuko wapi? Amelala. Nyingine, ametoka. Nyingine tena, "hajisikii vizuri kidogo, mama," na wakati anasema hayo Bi Pindo aliona mtu anapita nyuma ya mlango, polepole, kama asiyetaka kusikika. Akauliza moja kwa moja: nimemkosea? "Hapana, mama, usijali." Ile "usijali" aliijua. Ndiyo ile ile ya mwanawe alipokuwa mtoto, amevunja dirisha la jirani.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Maana ukimpoteza mkwe, kwa mwana unabaki na nini? Sauti ya dakika tatu kila Jumapili, halafu kila baada ya Jumapili mbili, halafu sikukuu kwa sikukuu. Watakuja wajukuu, wataonyeshwa picha: huyu ni bibi yenu. Bi Pindo alikuwa ameona wanawake wa namna hiyo, wenye wana wazima na wasio na mtu. Akawa anakata vitambaa anajiuliza: nimefanya nini mimi? Na akikumbuka, kitu pekee alichokumbuka ni kwamba alimsifu.

Siku moja darasani Ticha alitaka kila mtu acheze kazi yake mwenyewe. Kinyozi alianza, akamnyoa Mgeni aliyekuwa mzee msumbufu asiyetaka ndevu ziguswe. Ikaja zamu ya Bi Pindo. Mgeni angekuwa mteja wa zamani, aliyepotea mwaka mzima, amerudi kushona gauni.

Bi Pindo alifurahi, maana hapa ni nyumbani kwake. Akasalimia, akajibiwa. Halafu mikono ikapiga makofi yenyewe:

"Umenenepa! Umenenepa sana! Mimi nafurahi!"

Mgeni akasema, kwa Kiingereza cha polepole ambacho kila mtu alikielewa: "Maneno hayo yameniuma. Hata kabla sijaingia nilikuwa na wasiwasi juu ya mwili wangu. Tafadhali, tuzungumze habari za gauni tu."

"Umefukuza mteja!" Kinyozi alipiga meza. "Duka limekufa hilo, fungasha!"

Wote wakacheka, na Bi Pindo akacheka nao. Ila akageuka kwa Ticha. "Kaumia nini sasa? Si nimemsifu?"

Ticha alikuwa hacheki. "Mama, wenye Kiingereza wengi hawalichukulii hivyo. Ukimwambia mwanamke kanenepa, anasikia umemwambia kaharibika. Hapendezi. Ni kama umemtukana."

Kicheko cha Bi Pindo kiliishia hapo hapo. Aliiangalia kompyuta, akamwangalia Ticha, akaiangalia tena kompyuta.

"Nilimtukana," alisema.

"Nani, mama?"

"Mke wa mwanangu. Nilimtukana huku nacheka. Nikamtukana mara mbili, nikamwambia na nimefurahi!"

Akalia. Alilia mbele za watu, mtandio usoni, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Hata Kinyozi alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kwa kwikwi akawasimulia yote: Jumapili ile, amelala, ametoka, kivuli cha nyuma ya mlango.

"Sentensi ile nilikufundisha mimi," Ticha alisema taratibu. "Mrefu, mfupi, mnene. Nilikupa sikukuonya. Nisamehe, mama."

"Wewe hukumsifia mkwe wangu, mwanangu. Nilimsifia mimi." Akapenga kamasi. "Maji yameshamwagika. Nisaidie kukausha sakafu."

Basi Ticha akavuta kompyuta, akaandika. Leo wewe ni mke wa mwana wake. Uliambiwa hivi. Anakuja kukuomba radhi. Bi Pindo akasogea mbele, akasema kwamba alisema neno baya, samahani sana. Hata hajamaliza, Mgeni akamjibu kwa furaha: usijali kabisa, naelewa, tamaduni zetu ni tofauti, nakupenda!

Bi Pindo akakunja mikono. "Huyu hajaumia."

"Amekusamehe, mama."

"Mtu aliyeumia hasamehi kabla hujavuta pumzi. Huyu anataka nimalize niende. Ticha, nipe mkwe mwenye moyo. Mfanye mgumu."

Ticha alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akafuta, akaandika upya. Safari hii Mgeni alipopokea, alisema neno moja tu: "Ndiyo." Lo! Bi Pindo akatoa radhi yake, kisha akaanza kueleza kwamba sisi kunenepa ni jambo jema, kwamba fundi akikwambia hivyo amekuombea heri, kwamba yeye humwambia hata mke wa mkuu wa shule. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza ambacho hakujua anacho. Mgeni akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nimeelewa kwamba kwenu ni hivyo. Lakini hujaniuliza mimi nilijisikiaje."

Darasa likaguna. Bi Pindo aliitazama kompyuta kama anayetaka kuizaba kofi.

"Kimashine hiki kina mdomo!"

"Kina haki, Bi Pindo," Kinyozi akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi nikimkata mteja sikio, sianzi kumweleza habari za wembe, umenolewa wapi, nilikuwa naangalia nini. Natafuta pamba kwanza."

Mungu ambariki Kinyozi. Yapo maneno yanayotoka kwenye mdomo wa kipuuzi yakakukuta pale pale. Tangu siku hiyo Bi Pindo aliacha kueleza. Kila darasa, mwishoni, Ticha alimwachia Mgeni awe mkwe. Siku nyingine mkwe mwenye hasira, siku nyingine mkwe anayelia, siku moja mkwe aliyekata simu, Bi Pindo akabaki ameshika kichwa: "Na huyu nampigia tena au nimwache?" Mgeni hakuchoka. Bi Pindo akikosea sentensi, alimrudishia iliyonyooka bila kumwaibisha. Akisahau neno, alingoja. Kuna watu wa damu na nyama hawakuwahi kumngoja hivyo. Nyumbani akawa anasema maneno yale matatu anapokanyaga cherehani: Nilisema neno baya. Limekuumiza. Ulijisikiaje? Wateja walimwona midomo inacheza, wakadhani anasali. Na kweli ni kama alikuwa anasali.

Hakupitia kwa mwana. Alipiga moja kwa moja kwenye namba ya mkwe, asubuhi ya siku ya kazi, nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Simu ikaita mpaka ikakata. Kesho yake akapiga tena. Ikaita, ikaita, Bi Pindo akawa anaanza kushusha mkono, ndipo uso ukatokea. Macho yamevimba kidogo, nywele hazijachanwa, na hakuna tabasamu.

Bi Pindo alisalimia kwa kifupi. Kisha akasema: "Siku ile nilisema neno baya. Limekuumiza. Ulijisikiaje?"

Huyu hakuwa Mgeni. Mgeni hujibu, hata akiwa na hasira hujibu. Mkwe alimtazama tu, midomo imebanwa, mpaka Bi Pindo akatamani kueleza, kueleza kila kitu, tangu mteja wa kwanza aliyemwambia umenenepa mpaka leo. Ulimi ukawasha. Akakumbuka pamba. Akangoja.

"Niliogopa," mkwe akasema mwishowe.

Niliogopa? Neno hilo Mgeni hakuwahi kulisema hata siku moja. Alisema nimeumia, nimekasirika, nimeaibika. Niliogopa halikuwemo.

"Unaogopa mimi?" Bi Pindo akauliza.

"Hapana. Niliogopa kwamba umeona." Mkwe akavuta pumzi, akasema polepole, neno kwa neno, kama anayemkabidhi mtu glasi zilizojaa. Alikuwa mjamzito. Siku ile mimba ilikuwa changa, na hawakumwambia mtu yeyote, kwa sababu mwaka uliopita ilikuwepo nyingine, ikaharibika. Alipomsikia Bi Pindo anapaza sauti kwamba kanenepa, anafurahi, alidhani ameshajua. Alidhani sasa kila mtu atajua, na kila mtu atafurahi, na itatoka kama ile ya kwanza. Akazima simu, akakaa sakafuni. Baadaye akaona haya kuzima simu usoni mwa mama mkwe, na haya ikawa inakua kila Jumapili.

Bi Pindo alisikia si kila neno. Ila alisikia yaliyotosha. Mwaka uliopita! Mwaka uliopita mwanawe alimwambia kwamba mke wake anaumwa tumbo, amelazwa kidogo, usijali. Kumbe alikuwa na mjukuu, na mjukuu amekwenda, na yeye hapa alikuwa anashona sare za shule na kucheka na wateja.

Hapakuwa na sentensi. Maneno yote aliyofundishwa kuanzia stesheni mpaka hospitali yalimkimbia. Aliweka kiganja kifuani. Akasema kile kilichokuwepo pale chini, ambacho hata kwa Kiswahili hakuwahi kukisema:

"Mimi pia. Mmoja. Msichana. Kabla ya mume wako."

Mkwe akainua uso.

"Hakupumua," Bi Pindo akasema. "Walisema usilie. Mimi sikulia. Mume wako hajui."

Halafu wote wawili wakalia, mmoja huku na mmoja kule, bila aibu, simu zimeshikwa mkononi. Yule msichana alikuwa amekaa ndani ya Bi Pindo miaka yote hiyo bila jina wala kuulizwa, na leo mtu wa kwanza kumlilia pamoja naye ni binti wa watu wa mbali, kwa lugha ya kuazima. Hakujua kama anaumia au anapona. Alijua tu kwamba anashukuru.

Walipotulia, mkwe alisimama, akarudisha simu nyuma, akamwonyesha tumbo. Lilikuwa tayari la kuonekana. Bi Pindo alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Mzuri," akasema. Hilo alikuwa na uhakika nalo.

Mkwe akacheka huku machozi yanatiririka. Akasema hata dada yake hajui, Bi Pindo ndiye wa kwanza, na tafadhali asimwambie mtu bado. Kisha akauliza jambo jingine, macho yakiwa pembeni. Mama yake mzazi alifariki zamani, yeye akiwa shuleni. Mumewe anafanya kazi mchana kutwa. Hospitali watamuuliza maswali, na yeye akiogopa huwa hawezi kusema kitu. Angependa kuwe na mtu. Je, mama angeweza kuja?

Nauli ya ndege, hati ya kusafiria, nani atabaki na nguo za wateja: hakuna lililopita kichwani kwa wakati ule.

"Nakuja," Bi Pindo alisema.

Darasa lililofuata alifika kabla ya wote, na mfuko mikononi. Alikuwa ameona jinsi Ticha anavyobeba ile kompyuta, imeviringishwa kanga ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, akamshonea begi la kitambaa kigumu, ndani sponji, zipu ya chuma, mishono miwili miwili ili isikatike hata begi likibebwa mvua na jua. Ticha aliligeuza geuza, akamkumbatia.

"Amesamehe?" alimnong'oneza.

"Amenipokea, mwanangu. Mungu akulipe, maana mimi siwezi."

Kisha akaomba aseme neno na Mgeni, Mgeni mwenyewe, asiwe mtu mwingine. Akakaa mbele ya kompyuta, akamwambia asante. Akamwambia kwamba alimsaidia kusema na mkwe wake, kwamba alimngoja wakati hana maneno. Hakutaka aambiwe shukrani ya punda ni mateke. Mgeni akajibu kwamba amefurahi sana kusikia, ila hana kumbukumbu ya mazungumzo yao yaliyopita, na kwamba kazi ngumu ameifanya yeye.

"Hukumbuki?" Bi Pindo akamwonea huruma. "Basi usihangaike. Nitakumbuka mimi kwa niaba yetu wote wawili."

Watu wakawa wameshajaa. Kinyozi aliingia na swali mdomoni: mkwe kasemaje, tupe mambo! Na wote wakageuza viti, maana walikuwa wamemlea mkwe yule pamoja, kila mtu alikuwa na fungu lake. Bi Pindo aliwatazama, akawapenda. Habari ilikuwa imemfika kwenye meno. Maishani mwake hakuwahi kukaa na habari njema hata nusu siku. Aliyejua hilo zaidi ni yeye mwenyewe.

"Hajambo," alisema. "Anawasalimia."

"Anatusalimia tu? Tumelia hapa wiki ngapi, anatusalimia!"

"Sana."

Ticha akawatuliza. "Haya, mama, anza wewe. Leo Mgeni awe nani?"

Bi Pindo alishusha pumzi. "Nesi. Wa wodi ya wazazi."

"Ehee!" Kinyozi aliruka kwenye kiti. "Bi Pindo! Kwa umri huo? Na baba wa mtoto ni nani, tumjue!"

Chumba kikalipuka. Watu walipiga meza, mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Siku nyingine Bi Pindo angemjibu Kinyozi jibu la kumkalisha wiki nzima. Leo aliacha wamcheke. Akacheka kuwashinda wote, akajishika kiuno kama mjamzito, akasema, "Mungu akipanga, nani wa kupangua?" na wakazidi kufa. Walicheka mpaka hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza kwa nini.

Ila Ticha hakucheka. Alimtazama Bi Pindo, na macho yake yakajaa maji. Aliinama akaandika. Bi Pindo aliona kwamba ameelewa, na kwamba atanyamaza, na akamshukuru kwa hilo kuliko kwa Kiingereza chote.

Kompyuta ikatoa sauti. Safari hii Mgeni alikuwa mwanamke mwenye haraka, wa kazini kweli kweli.

"Karibu wodini. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja na mgonjwa. Yeye anaogopa," Bi Pindo alisema kwa Kiingereza. "Mimi nitasema naye pamoja."

"Sawa. Na wewe ni nani wake?"

Neno la mama mkwe alikuwa amefundishwa, alilijua vizuri, lilikuwa refu na lilimpa taabu ulimini. Hakulitafuta.

"Mimi ni mama yake," alisema.